Mashine ya Kufulia Inapotembea: Majibu kwa Barua Zenu

Barua kuhusu mashine za kufulia zinazotikisika zimelundikana, tukaona heri tuzijibu kwa mkupuo. Karibu zote zinaishia na ombi lilelile: tuambieni tuweke nini chini yake itulie. Msiweke kitu kwanza. Anzeni kwa kujiuliza mtikisiko ulianza lini. Mashine iliyoruka tangu siku ya kwanza, ile inayoruka kwa nguo fulani tu, na ile iliyotulia miaka kadhaa kisha ikaharibika polepole, zina magonjwa matatu tofauti, na kipande cha mpira hakitibu hata moja.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Tumenunua mashine mpya ya kilo 7 ya mlango wa mbele. Kufua inafua vizuri, ila ikifika kwenye kukamua inaruka hadi vyombo kabatini vinalia. Juzi ilisogea ikachomoa bomba la maji machafu, jiko zima likaloa. Aliyetuletea ndiye aliyeifunga. Tuirudishe dukani? (Mama wa watoto watatu, Mbezi, Dar es Salaam)

JIBU: Mama, kabla ya kukodi kirikuu, igeuze uangalie mgongoni. Kwa maelezo yako, kuna kila dalili kwamba boliti za usafirishaji bado zimo.

Ndani ya mashine ya mlango wa mbele, pipa halijafungwa kwenye bodi. Limening'inia kwa springi juu, na chini limeshikwa na shokapu mbili au zaidi, ili licheze peke yake bila kuitikisa bodi. Kiwandani wanalikaza kwa boliti ndefu, mara nyingi 4, nyingine 3, lisigongwegongwe njiani. Zikibaki, pipa na bodi vinakuwa kitu kimoja, na kila pipa linapotikisika nyumba nzima inajua. Waletaji wengi huunga mabomba, wakachomeka plagi, wakaondoka. Kitabu cha maelekezo kinalitaja jambo hili kurasa za mwanzo, nacho ndicho kinachotupwa kwanza pamoja na boksi.

Chomoa plagi, funga koki ya maji. Vichwa vya boliti utaviona mgongoni, vinne kwenye pembe za mraba mkubwa. Spana namba 10 inafungua nyingi, nyingine zinataka 12 au 13. Legeza kila moja, kisha uivute pamoja na bushi yake ya plastiki na mpira. Ikikwama, irudishe ndani kidogo, uizungushe huku unavuta. Bushi ikibaki ndani inaweza kudondoka chini ya pipa na kuanza kugonga, kwa hiyo zihesabu: boliti 4, bushi 4. Inamisha mashine kidogo uangalie pia chini, kwani baadhi huja na kipande kinene cheupe cha kufungashia kilichochomekwa chini ya pipa, nacho kinatoka.

Matundu yazibwe kwa vifuniko vya plastiki vilivyokuwa kwenye mfuko wa kitabu. Tundu lililoachwa wazi ni mlango wa panya, na panya akiingia hula nyaya. Boliti zenyewe zifungeni kwenye mfuko muweke pamoja na risiti, maana siku mkihama zitahitajika.

Kama mmeitumia mara mbili tatu tu kabla ya kuandika, kwa kawaida haijaumia. Ikamueni tupu kwa mizunguko 800 kwa dakika, msikilize. Ikitoa mlio mmoja mzito wa kugonga unaojirudia, hapo sasa piga simu dukani, ila ujue waranti nyingi hazigharimii uharibifu uliotokana na boliti kuachwa.

SWALI: Mashine yetu iko bafuni, na sakafu ina mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu. Fundi aliweka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, ikatulia wiki moja, sasa imeanza tena. Jirani ananishauri ninunue stendi ya magurudumu. (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Toa hiyo mbao, na stendi usinunue. Mbao hukandamizika, hulowa, huhama. Stendi ya magurudumu inauzwa kama njia ya kurahisisha usafi, lakini mashine inayokamua inatakiwa isimame kwenye kitu kisichocheza, na magurudumu yametengenezwa yacheze. Hata zile zenye breki: breki inazuia gurudumu lisizunguke, haizuii mhimili wake kuyumba.

Miguu yote minne ina nyuzi kama boliti, na juu ya kila mguu kuna nati nyembamba. Watu huzungusha mguu, wakaona sawa, wakaisahau nati. Kwa mtikisiko wa kufua mara chache mguu unajifungua wenyewe, na nadhani hiki ndicho kilichotokea kwako baada ya wiki.

Fanya hivi. Ingiza miguu yote ndani kadiri inavyowezekana, kwa sababu mguu mrefu ni mguu dhaifu. Weka pimamaji juu ya bodi, kwanza kushoto kwenda kulia, halafu mbele kwenda nyuma, urefushe tu ile miguu iliyo upande wa chini. Simu pia inaweza kupima, ila kamera ikiwa imejitokeza mgongoni simu haikai sawa, kwa hiyo ilaze ukingoni kamera ikining'inia nje. Kisha kandamiza pembe ya mbele kushoto na ya nyuma kulia kwa pamoja, halafu pembe mbili nyingine. Mashine isicheze hata kidogo. Kipimo hiki cha pembe kwa pembe kina maana kuliko pimamaji yenyewe, maana mashine inaweza kusoma sawa huku mguu mmoja umegusa sakafu kwa jina tu. Ukiridhika, shika mguu kwa spana moja usizunguke, na kwa spana nyingine pandisha nati juu mpaka ibane chini ya bodi. Miguu yote minne.

Mteremko ukiwa mkali kuliko urefu wa miguu, mwite mwashi akumwagie jukwaa la zege la sentimita 70 kwa 70, kimo cha sentimita 10. Lakini avunje vigae vya pale kwanza ili zege lishikane na sakafu. Zege lililomwagwa juu ya vigae litabanduka.

SWALI: Siku ya mashuka mashine haina neno. Nikiweka blanketi moja au zulia la bafuni, inagonga mara tatu nne, inasimama, inajaza maji upya, inajaribu tena. Saa nzima inapita, mwishowe inaandika UE. Imeharibika? (Msomaji, Bamburi, Mombasa)

JIBU: Haijaharibika, inajikinga. UE kwenye mashine za LG maana yake uzito umeelemea upande mmoja. Samsung nao huandika UE au Ub. Kabla ya kukamua kwa kasi, mashine huzungusha pipa polepole ili nguo zijitandaze, ikapima kama pipa linayumba. Ikiona linayumba kupita kiasi inarudisha maji ili nguo zilegee, ikaanza upya.

Ina sababu ya kuogopa. Chukua kilo 1 ya nguo mbichi iliyojikusanya upande mmoja, sentimita 24 kutoka katikati ya pipa. Kwa mizunguko 1200 kwa dakika, kilo hiyo inavuta ukuta wa pipa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 390. Ukishusha kasi hadi 600 nguvu inabaki robo tu, kwani kasi ikipungua nusu nguvu haipungui nusu, inapungua mara nne. Ndiyo maana dawa ya haraka kwa nguo yenye matatizo ni kupunguza kasi.

Zulia la bafuni ndilo baya kuliko yote: linakunywa maji mengi, lina mpira nyuma, na liko peke yake. Liongezee mataulo mawili matatu mazito, uyapange kuzunguka pipa, si rundo moja. Soksi na vitambaa vidogo havisaidii, uzito wake hautoshi kulibishania zulia. Blanketi likunjue kabla ya kuliingiza, usilibane kama mpira. Foronya ya duveti ifungwe vifungo, la sivyo inameza nguo nyingine zote na kugeuka mzigo mmoja. Jinzi zichanganywe na mashuka. Kwa kufua kawaida jaza pipa mpaka nafasi ya juu ibaki kiganja kilichosimama wima. Watu wengi hulaumu kujaza sana, ila kwa suala la kuruka, nguo moja nzito peke yake ina madhara kuliko pipa lililojaa. Na kilo zilizoandikwa mlangoni ni za pamba kavu kwenye programu ya pamba, programu za nguo laini hubeba nusu au chini ya hapo.

Ikishaandika UE, isimamishe, itoe maji, fungua, tenganisha nguo kwa mkono, kisha chagua kukamua peke yake kwa 600 au 800.

Vitu viwili visiingie kabisa. Kifuniko cha godoro kisichopitisha maji: kinashika lita kadhaa kama mfuko, kisha wakati wa kasi maji yanahamia upande mmoja ghafla. Jambo hili si la kudharau. Mwaka 2016 Samsung ilitangaza Marekani kurekebisha mashine za mlango wa juu zipatazo milioni 2.8, kwa kuwa mtikisiko ulikuwa unaweza kung'oa sehemu ya juu wakati wa kukamua, na wateja wakaelekezwa kufua matandiko na vitu visivyopitisha maji kwa kasi ndogo tu. Cha pili ni chandarua chenye dawa. Hicho hufuliwa kwa mkono kwa sabuni isiyo kali na kuanikwa kivulini, maana mashine itakichana na dawa itaondoka mapema.

SWALI: Assalaam alaykum. Nimenunua mashine iliyotumika, imeshuka na mzigo kutoka Dubai, haikuwa na boliti za nyuma. Nimeisawazisha kama fundi alivyoniagiza, lakini ikikamua inagonga bodi pande zote, hata nikiweka nguo chache au nyingi. (Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja)

JIBU: Waalaykum salaam. Kaka, mashine iliyosafiri baharini na kwenye lori bila boliti imefika ikiwa imepigana na bodi yake njia nzima. Afadhali ni ya Dubai, umeme wake unafanana na wetu. Wapo waliouziwa za Marekani za volti 120, hao hawana hata pa kuanzia.

Anza na shokapu, huhitaji kufungua kitu. Mlango ukiwa wazi, weka kiganja kwenye mdomo wa pipa kwa juu, likandamize sentimita 5 hivi, uliachie ghafla. Shokapu zikiwa nzima, pipa linapanda mara moja na kutulia. Likipanda, likashuka, likapanda tena, shokapu zimekwisha. Kuthibitisha, chomoa plagi, fungua bodi ya nyuma au laza mashine kwa mgongo juu ya godoro kuukuu, uzione chini ya pipa zimeshikwa na pini za plastiki. Toa pini, chomoa shokapu, ivute na kuisukuma kwa mikono. Nzima inakukatalia sawasawa kwenda na kurudi. Iliyokufa inateleza kama pampu ya baiskeli isiyo na ngozi.

Ukienda kununua, beba ya zamani. Vitu vitatu vifanane: urefu, upana wa tundu la pini, na nguvu iliyopigwa mhuri ubavuni, kama 80N, 100N au 120N. Ukifunga 120N mahali pa 80N pipa litakuwa gumu na mtikisiko utahamia kwenye bodi, yaani umerudi kulekule. Badilisha zote kwa siku moja. Na yeyote atakayekwambia atazifufua kwa kutia oili, mshukuru umuage, kwani shokapu hufanya kazi kwa msuguano, na oili inauondoa.

Shokapu zikiwa nzima, tazama springi za juu. Ndoano ikichomoka au kuvunjika, pipa linainama, na utaona pengo kati ya pipa na mpira wa mlango halilingani juu na chini. Pima urefu wa springi zote kwa rula. Iliyorefuka ibadilishwe pamoja na mwenzake.

Halafu zege. Vile vipande vizito vya juu na mbele ya pipa, ambavyo ndivyo vinavyowatoa wapagazi jasho, kazi yake ni kulitia pipa uzito lisitupwe na nguo. Boliti zake zikilegea safarini utasikia mlio mzito wa kugonga, kama mtu anapiga ukuta kwa ngumi. Zikaze kidogo kidogo kwa zamu, maana ukikaza moja mpaka mwisho zege linapasuka. Lililopasuka kwenye tundu la boliti halifai kuzibwa kwa saruji. Litafute kwenye mashine mbovu ya modeli ileile, mafundi wengi wanazo za kuchinja.

SWALI: Ya kwangu ina miaka 7. Haitembei sana, ila inanguruma wakati wa kukamua, kelele inazidi kila mwezi. Tunatumia maji ya kisima. (Msomaji, Pongwe, Tanga)

JIBU: Kunguruma kunakopanda pamoja na kasi ni beringi. Ikiwa imezimwa, shika mdomo wa pipa la ndani, lile linaloshika nguo, ulisukume juu na chini. Mapipa yote mawili yakicheza pamoja, hiyo ni kawaida. La ndani likicheza ndani ya la nje, beringi zimekwisha. Mara nyingi kinachoanza kufa ni sili, mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi: maji yanapenya, grisi inaoshwa, kutu inaingia, na nyuma ya pipa unaona michirizi ya kahawia. Ukibadilisha beringi bila sili umefanya nusu ya kazi. Mashine za kilo 7 na 8 nyingi hutumia 6205 na 6206, lakini soma namba kwenye beringi yenyewe kabla ya kununua. Uliza pia kama pipa la nje linafunguka kwa bisi au limeunganishwa kwa moto kiwandani, maana hilo la pili lazima likatwe kwa msumeno, na hapo piga hesabu kama bado inalipa.

Maji ya kisima yenye chumvi yanatuongezea wasiwasi mwingine. Nyuma ya pipa la ndani kuna kipande cha alumini chenye mikono mitatu kinacholibeba pipa zima. Chumvi na mabaki ya sabuni hukila taratibu pasipo kuonekana. Zungusha pipa tupu kwa mkono, tazama ukingo wake dhidi ya mpira wa mlango. Ukiona ukingo unakuja mbele na kurudi nyuma kama gurudumu lililopinda, acha kuitumia leo hii. Mkono wa kipande hicho ukikatika kwenye kasi, pipa hupasua kila kilicho karibu. Kinga yake ni sabuni kidogo, tena ya mashine, si ile ya kufulia kwa mkono yenye povu jingi, na kusuuza mara moja zaidi.

SWALI: Mashine yangu ni ya matangi mawili. Lile dogo la kukamulia linapiga kelele na kuruka. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Panga nguo kwa duara, zikandamize, weka kile kisahani cha plastiki juu yake ndipo ufunge kifuniko. Kisahani kikipotea nguo hupanda na kutoka nje ya tangi. Ikiendelea hata kwa nguo zilizopangwa, tatizo liko chini ya mota, ambako kuna springi tatu zenye mipira, na moja ikilegea tangi linaegemea upande. Hakikisha pia kwamba ukifungua kifuniko tangi linasimama ndani ya sekunde chache. Lisiposimama, breki imelegea, usipeleke mkono.

SWALI: Ni ya mlango wa juu, ya kujiendesha yenyewe. Tangi limeegemea pembe moja, na nikilizungusha kwa mkono nasikia maji ndani ingawa ni kavu. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Sauti ya maji isikutishe. Pete ya juu ya tangi imejazwa maji ya chumvi kiwandani ili yakimbilie upande mwepesi na kulisawazisha. Hofia siku utakapoacha kuyasikia, kwani pete itakuwa imevuja.

Kuegemea kunatokana na fimbo nne zinazolining'iniza tangi, moja kila pembe, zenye springi na kikombe cha plastiki chini. Moja imechoka au imetoka kwenye kikalio chake. Nunua seti nzima ya 4. Kwenye modeli nyingine za mbele na za nyuma hutofautiana kwa rangi, kwa hiyo piga picha kabla ya kuzitoa.

SWALI: Hamjambo. Naishi ghorofa ya nne Kasarani, Nairobi. Mashine haihami, lakini jirani wa chini analalamika. Boliti nilitoa, miguu iko sawa. (Msomaji)

JIBU: Wewe ndiye unayeruhusiwa kununua mpira. Chukua vipande vinne vigumu vya unene wa sentimita 1 hadi 2, kimoja kila mguu, kisha upime usawa upya. Usichukue sponji wala zulia nene, maana mguu ukizama mashine inayumba zaidi ya mwanzo. Isogeze karibu na pembe ya chumba au juu ya boriti, kwa sababu katikati ya sakafu ndipo zege la ghorofa linapocheza zaidi. Iachie sentimita 3 hivi kutoka ukutani, na kasi ya kukamua ibaki 800. Nguo zitatoka na unyevu kidogo zaidi, zitachelewa kukauka kwenye kamba, ila jirani atalala.